Umri wa Mchanganyiko

Jinsi nilivyofika Ukongwe haiwahusu wasomaji. Walioniuliza nimewajibu kwamba nilishuka kituo kisicho changu, na kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, sioni la kuongeza. La kuripoti ni lile lililonipata mpakani, ambako ofisa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliitazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akagonga muhuri na kuandika kando yake kwa mkono: Umri, siku sifuri.

Nilimwambia nina miaka sitini na mitatu, nimestaafu, na magoti yangu yako tayari kutoa ushahidi.

"Hiyo ni miaka ya kwenu, mama," akanijibu kwa upole. "Hapa umezaliwa leo."

Kisha akaniagizia kikombe cha uji laini, usio na sukari, na akangoja mpaka nikaumaliza.

Naitwa Mghoi. Nimeonja chai katika maghala ya Mombasa kwa miaka ishirini na saba, kikombe baada ya kikombe, kufyonza na kutema, mpaka nikaweza kukuambia kama jani lilichumwa kabla ya mvua au baada yake. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu sitakuwa nimekosea. Nasema kwa sababu ndicho kilichonifanya nikamatwe. Ukongwe ni nchi ya wiski. Wanatengeneza wiski ya mahindi, ile ambayo wauza vinywaji kwetu huiita bourbon, na huilaza miaka mingi ndani ya mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani mpaka yakawa makaa. Kila mwaka Baraza la Onjo huketi kuchagua mchanganyiko mmoja uwe kinywaji cha taifa, na sheria inataka barazani pawe na ulimi mmoja wa kigeni, kwa kuwa ndimi zote za wenyeji zina undugu na pipa fulani. Mgeni wa mwaka ule alikuwa ameugua. Waliposikia kazi yangu ya zamani, hawakunipa nafasi ya kuuliza treni ya kurudi.

Sasa niieleze sheria yao kuu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Inaitwa Sheria ya Mdogo Wao, na ilipotungwa ilikuwa sheria ya haki. Nitaitetea mbele ya yeyote. Zamani wafanyabiashara walikuwa wakitia kijiko cha wiski ya miaka ishirini ndani ya pipa zima la pombe ya juzi, kisha wakaandika ishirini kwenye chupa. Watu walilewa vibaya na kuumwa vichwa. Ndipo ikaamuliwa kwamba mchanganyiko wowote utahesabiwa umri wa kilicho kichanga kuliko vyote ndani yake. Wiski ya miaka ishirini ikichanganywa na ya miaka mitano, chupa ni ya miaka mitano. Chai nayo ingefaidika na sheria ya namna hiyo, na nilipokuwa kazini niliwahi kusema hivyo kwa sauti nikaambiwa nikae.

Kosa la watu wa Ukongwe ni kwamba sheria ilifanya kazi vizuri mno, wakaona ni uchoyo kuiachia chupa peke yake. Wakaipeleka kila mahali. Kwaya ya wazee wa miaka sabini ikimpokea mwimbaji wa ishirini, ni kwaya ya miaka ishirini, na kwaya ya miaka ishirini haiimbi mbele ya serikali. Daraja la mjini lina mashimo kumi na moja, niliyahesabu kwa mguu wangu wa kushoto. Ukigongomea ubao mpya, daraja zima linakuwa la mwaka huu, na daraja la mwaka huu haliruhusiwi kubeba mapipa mpaka likomae. Kila mlango una kibao chenye umri wa nyumba, na watu huamkiana kwa vibao. Nilimwona bibi aliyepinda mgongo akimpa shikamoo kijana asiye na ndevu. Kijana alikuwa mtumishi wa nyumba ya miaka themanini, asiyelala humo; bibi alikuwa amebadilisha dirisha.

Aliyekuwa akinitembeza na kunieleza haya ni Bwana Kasoga, Karani wa Vibao, mwanamume mwembamba aliyebeba nyundo kwenye mkoba wa ngozi na misumari mfukoni mwa shati. Kila tulipopita mahali penye harufu ya rangi mpya, alisimama akanusa ukuta.

"Na watoto?" nikamuuliza. "Mtoto akizaliwa nyumbani, nyumba inakuwaje?"

"Watoto tunawapenda sana," akasema. "Wanakaa ng'ambo ya barabara."

Na ndivyo ilivyo. Kila mtaa una upande wenye vibao na upande usio na vibao. Upande wa pili kuna nyumba ndefu za watoto, zenye walezi na vitanda vifupi, na mtoto hukaa huko mpaka afikishe umri ambao nyumba ya wazazi wake inaweza kuustahimili bila kuaibika. Wazazi huvuka alasiri kuwapigia hodi kama majirani wema. Najua haya kwa sababu nililazwa huko. Mimi nilikuwa wa siku moja, na hakuna nyumba ya maana ambayo ingenipokea ikabaki na heshima yake. Nikapewa kitanda ambacho miguu yangu ilitokeza kuanzia magotini, jirani na mtoto wa kike wa miaka miwili aitwaye Mashavu, ambaye kwa hesabu za nchi ile alikuwa dada yangu mkubwa na alinitendea hivyo.

Hapo ndipo nilipomjua Bi Nuhiya. Alikuja siku yangu ya kwanza saa kumi alasiri, mwanamke wa makamo, mikono imebadilika rangi kwa maji ya mapipa, akabisha kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Hodi jirani."

Mashavu akamkimbilia, akamkumbatia miguu, akasema, "Bibi."

Kasoga alikuwa amesimama pale na mkoba wake. Bi Nuhiya akamtazama, akamwinamia mtoto na kumwambia, "Mimi jirani yako, mama. Jirani wa mlango wa kijani." Sikupenda kumsikia mtu akisema maneno yale, na sikupenda kwamba aliyasema bila kukwama, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi.

Bi Nuhiya alikuwa mchanganyaji. Leseni ya kuchanganya wiski ya miaka kumi na minane hupewa nyumba yenye umri usiopungua huo, na nyumba yake ilikuwa na thelathini na mmoja. Angemwingiza mjukuu wake mlangoni, nyumba ingekuwa ya miaka miwili, leseni ingekwenda, na leseni ndiyo iliyomlisha yeye na mtoto. Njia ilikuwa moja tu. Mchanganyaji ambaye kinywaji chake kinachaguliwa na Baraza hupewa Uhuru wa Kibao: kibao kinang'olewa mlangoni pake maisha, anaishi na amtakaye, na bado anafanya kazi. Mwaka huo ulikuwa zamu yake kuleta mchanganyiko. Zamu nyingine ingekuja baada ya miaka tisa.

Siku ya tatu alinipeleka ghalani kwake nizoeshe ulimi. Tulikuta Afisa wa Fungu la Malaika akitoka. Huyu ndiye anayethibitisha kiasi cha wiski kinachoyeyuka kila mwaka na kupaa kwa malaika, na kwa jinsi alivyonukia na kushika ukuta, nadhani malaika walikuwa wamemwachia fungu lao. Bi Nuhiya alimsubiri aondoke, akanimiminia kutoka pipa la miaka kumi na minane.

Rangi ilikuwa nzuri, nyekundu ya mbao iliyopakwa vanishi. Puani kulikuwa na vanila na kabati la zamani. Ulimini, ubao. Ubao mkavu, kisha karafuu kidogo, kisha ubao tena. Nikatafuta pa kutema.

"Hapatemwi," akasema Bi Nuhiya. "Kutema kilichokaa pipani ni miezi sita jela."

Nikameza. Akanipa ya miaka ishirini na miwili. Ilikuwa sawa na kutafuna mlango. Nikameza na hiyo, na kuanzia hapo msomaji azingatie kwamba taarifa hii imeandikwa na mtu mwenye bidii. Kisha akatoa chupa isiyo na alama, akanimiminia kina cha kidole kimoja.

Nilinusa muda mrefu. Sukari iliyoungua, ganda la chungwa, mdalasini. Nikaonja. Ilikuwa na uzito wa mafuta, ikatandaza ulimi mzima, vanila na viungo vikaja kwa zamu bila kusukumana, ubao ule ule wa zamani ukakaa nyuma kwa adabu, na katikati ya yote kulikuwa na utamu hai, wa mahindi ya kuchoma yanayotoka kwenye makaa sasa hivi. Joto lake lilishuka kifuani likakaa. Nilinyamaza. Katika kazi yangu kunyamaza ndiyo alama ya juu kabisa.

"Kuna kichanga humu," nikasema mwishowe.

Bi Nuhiya akaenda kufunga mlango wa ghala.

"Pipa la tisa," akasema. "Miaka minne. Sehemu moja kwa kumi. Haya makongwe yana heshima, mwanangu, lakini yamekauka. Peke yao hayanyweki, na hakuna anayethubutu kusema."

Alisema pipa lile lilijazwa na binti yake Zawena, kwa mikono yake, la kwanza na la pekee alilowahi kujaza. Zawena alifariki miaka miwili iliyopita, siku alipomzaa Mashavu. Bi Nuhiya hakulia aliposema hivyo. Alipapasa ubao wa pipa kama mtu anayetafuta ufa.

"Kesho watakuapisha umri," nikasema.

"Nitaapa kumi na minane. Nimeufanyia mdomo mazoezi." Akanitazama. "Na wewe watakuuliza unaonja nini."

Sijawahi kudanganya kuhusu kikombe. Nimedanganya kuhusu umri, kuhusu mshahara, na mara moja kuhusu mchumba, lakini kuhusu kikombe, kamwe. Nilimwambia nitafikiri.

Baraza liliketi asubuhi, katika ukumbi unaovuja ambao hautarekebishwa. Waamuzi walikuwa saba, wote zaidi ya sabini. Mkubwa wao alikuwa Mzee Lubasha, wa miaka themanini na mitatu, na kulia kwake alikaa Bibi Sihaba, mdogo wao, ambaye umri wake ndio uliokuwa umri wa Baraza na hakuacha wenzake wamsahau. Mimi niliwekewa kiti nje ya mstari wa chaki, nisije nikalifanya Baraza kuwa la siku nne. Nilitakiwa niseme neno langu kwa Kasoga, naye alivushe mstari.

Kuonja kwao kuna kanuni moja niliyokuwa sijaijua. Ladha haitajwi kwa kitu kinachopatikana sokoni leo. Ladha ya kitu kilichopo ni dalili ya uchanga. Ladha ya heshima ni ya kitu kilichokwisha kutoweka. Kwa hiyo mwamuzi wa kwanza alionja akasema anapata sabuni ya kiwanda kilichofungwa. Wa pili akapata mkoba wa tarishi aliyekufa. Wa tatu alibishana naye kuhusu tarishi yupi, wakapoteza robo saa. Bibi Sihaba akasema anapata kiti cha nyuma cha gari la kwanza la mkoa, na alipoulizwa alijuaje ladha ya kiti, akasema hilo ni la faragha.

Mzee Lubasha alionja mwisho. Kisha akainyoosha bilauri yake kwa karani aongezwe, jambo ambalo nilielezwa halijatokea katika miaka arobaini.

"Sijasikia hamu ya kumeza kitu tangu meno yangu yaondoke," akasema. "Ulimi wa kigeni unapata nini?"

Kasoga akanigeukia. Bi Nuhiya alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Mdomoni mwangu yalikuwemo mahindi ya kuchoma, hata ndimu na pilipili nilikuwa karibu kuzisikia, na yanauzwa nje ya ukumbi ule ule. Nikasema, "Kasha la chai la bosi wangu wa kwanza. Bosi alikufa. Kasha limeliwa na mchwa."

Kasoga alilivusha neno langu kwenye mstari wa chaki na waamuzi wakapiga meza kwa furaha. Nilijionea aibu kidogo, lakini nilifurahi zaidi, na ni heri niseme hivyo kuliko kujifanya. Ilibaki kiapo tu.

Mzee Lubasha akasimama kwa msaada wa watu wawili. "Kabla ya kiapo," akasema, "natoa agizo. Kilichofanya kinywaji hiki kiwe hivi ni pipa kongwe kuliko yote. Nimelisikia. Ndilo linaloimba. Kuanzia leo mchanganyiko wa taifa usiwe na pipa lililo chini ya miaka ishirini na miwili, tupate uzuri huu zaidi. Mama Nuhiya, lihakikishie Baraza. Ni pipa kongwe, sivyo?"

Nilimwona Bi Nuhiya akifungua mdomo ule aliouzoesha. Hapakutoka kitu.

"Hapana," akasema. "Ni pipa la tisa. La miaka minne. Alilijaza binti yangu. Hayo makongwe nimeyatia yamsindikize yeye."

Ukumbi ukasikika ukivuja. Bibi Sihaba akaiweka bilauri mezani, akaitazama, akaichukua tena. Nilitegemea hasira, na kweli ilikuja, lakini kwa utaratibu. Mmoja akapendekeza wiski irudishwe mapipani miaka kumi na minne mpaka itimize umri. Bi Nuhiya akamwambia kwamba itakuwa ubao. Mwamuzi akasema ubao wa halali ni bora kuliko utamu wa haramu, na hili likaandikwa. Mwishowe ikaamuliwa hivi: mchanganyiko ni wa miaka minne, utamwagwa mferejini saa tisa kamili, leseni ya Nuhiya imefutwa, na kwa kuwa kutema ni kosa, kilichomo kwenye bilauri kimezwe. Kikamezwa. Kisha Mzee Lubasha akasema kwamba hukumu nzito inahitaji ushahidi ukaguliwe upya, na ushahidi ukamiminwa. Bibi Sihaba aliukagua mara tatu. Saa tisa ilipogonga, Kasoga, kama nilivyosimuliwa baadaye, alitumwa mferejini na mtungi, akarudi akaripoti kwamba hapakuwa na cha kumwaga.

Bi Nuhiya hakungoja kuyaona hayo. Nilimfuata nje kadiri nilivyoweza, maana nami nilikuwa nimekagua. Alikuwa amepoteza kazi ya maisha yake na njia yake ya pekee, na mimi nilikuwa nimedanganya bure.

Alifika katikati ya mtaa, mlango wake wa kijani kushoto, nyumba ndefu ya watoto kulia. Akasimama hapo jua la alasiri likimpiga kichwani, na nikamwona akihesabu kitu kwa vidole, kama mtu anayekumbuka vitu vya kununua dukani. Kisha akaanza kucheka.

"Mghoi," akasema, akiniita jina langu kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nalinda leseni. Wameichukua. Sasa nalinda nini?"

Hakubisha hodi. Aliingia nyumba ya watoto, akatoka na Mashavu mgongoni na kifurushi cha nguo mkononi, akavuka barabara mbele ya mtaa mzima, watu wamejaa milangoni chini ya vibao vyao, akapita mlango wa kijani. Kutoka ndani nikamsikia mtoto akiuliza kitu, na sauti ikamjibu, "Bibi yako. Ndiyo, bibi yako."

Kasoga alifika muda si mrefu, mkoba begani, kama sheria inavyotaka. Alikuwa na kibao kipya tayari. Aling'oa kile cha thelathini na mmoja, akagongomea cha miaka miwili, akarudi nyuma hatua mbili kuona kama kimenyooka. Kilikuwa kimenyooka. Lakini hakuondoka. Alisimama pale na nyundo, akasikiliza mtoto akikimbia ndani kwa miguu mitupu, akisimama, akikimbia tena.

Bi Nuhiya akatoka na bakuli la maji kumpa anywe, kwa kuwa alikuwa ametoka jasho. "Kuna kosa jingine, Bwana Kasoga?"

"Hapana, mama." Akanywa. Akakirudisha chombo, akakitazama kibao, kisha akatazama ng'ambo, dirisha la tatu la nyumba ndefu. "Wa kwangu ana miezi mitano," akasema. "Vibao vyetu havina nafasi ya miezi. Kama mtu angetaka kukiandika, angeandikaje?"

Bi Nuhiya akakionyesha kwa kidole kibao cha zamani. "Kigeuze," akasema. "Nyuma hakijaandikwa kitu."

Kasoga akakiokota kibao cha thelathini na mmoja kilicholala chini, akakigeuza, akatoa kalamu. Akaharibu herufi ya kwanza, akaifuta kwa kidole. Akanipa misumari nimshikie.